Uzio Unaovunjika Siku za Gaston

Uzio ule ulikuwa na tabia ya kuvunjika siku za Gaston tu. Siku nyingine, msimamizi Ranvir alipojaza mahori mwenyewe, ulilala salama na kuamka salama. Lakini Alhamisi na Jumamosi, siku za Gaston, kufika mchana mbao zilikuwa chini, mahindi waliyowekewa ayala, wale swala wa Ulaya wenye pembe za matawi, yamelambwa mpaka punje ya mwisho, na ng'ombe wamesimama pembeni wakicheua kwa utulivu, kama wageni waliotoka kula harusini.

Annonciata, mkewe, aliipata habari hii vipande vipande, kwa sababu Gaston hakuwa mtu wa kuleta ya kazini mezani. Alhamisi alirudi kwao Newtown, Birmingham, akavua viatu mlangoni, akaosha mikono, akakaa mbele ya bugali bila kuugusa.

"Ranvir anasema niko naacha mulango wazi," alisema mwishowe.

"Unaacha?"

"Annon! Mimi?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaiba sadaka kanisani. Annonciata akajuta kuuliza. Mfugaji wa Masisi, kule milimani Kongo, huweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mtoto wake, lakini hasahau mlango wa ng'ombe.

"Anasema Jumamosi ikivunjika tena, anatafuta mutu mwingine," Gaston aliongeza, kisha akaufunika ule bugali kwa sahani nyingine na kwenda kulala.

Annonciata alibaki mezani. Hakuwa akifikiria mshahara, maana kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili kwa juma. Alikuwa akimfikiria mumewe. Kule Masisi baba yake Gaston alikuwa na kundi lililojaza kilima, na vita vililimaliza kundi lote, hata ndama. Huku Birmingham Gaston alipanga maboksi ghalani usiku miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa, na baada ya hapo akawa mtu wa kukaa dirishani akitazama mabasi. Tangu apate kazi hii alikuwa akirudi nyumbani ananuka ng'ombe, anakula sahani mbili, anasimulia. Ng'ombe wakimtoka mara ya pili, dirisha lile lingemmeza.

Kwa hiyo Jumamosi alipika wali na maharage, akavifunga ndani ya taulo visipoe, akampigia simu Nyokabi. Nyokabi alikuwa Mkenya wa kanisani kwao, mhudumu wa wazee kule Hodge Hill, na alikuwa na gari.

"Mama Héritier, hii ramani ya simu imetupeleka kwa shamba ya wenyewe," Nyokabi alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, walipoliacha jiji nyuma yao nusu saa na barabara ikageuka njia ya matope kati ya miti isiyo na majani. "Wakitupiga risasi, wewe ndio utaongea na mamangu."

"Wanapiga ayala tu."

"Na mimi na hii koti ya kahawia?"

Ardhi ile ilikuwa ya tajiri mmoja ambaye hakuonekana hapo, naye aliwakodishia wawindaji wakati wa baridi. Ili ayala wasihame kutafuta malisho, walipewa mahindi. Pipa la chuma lilisimama juu ya miguu mitatu, na chini yake palikuwa na hori ambalo mahindi yalidondokea kidogo kidogo. Annonciata alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mnyama analishwa ili aje apigwe, alisema huo ni usaliti. Gaston akamuuliza mbuzi wao wa Noeli walikuwa wakilishwa ili iwe nini.

Shida ilikuwa kwamba majani ya ardhi hiyohiyo yalikuwa yamekodishwa kwa mkulima jirani, na ng'ombe wake walilala humo. Ng'ombe akila mahindi makavu mengi kwa pupa huvimba, na akivimba vibaya hufa, ingawa mpaka siku hiyo hawa walikuwa na bahati. Ndiyo maana kila hori lilizungushiwa uzio. Ulikuwa uzio wa akili rahisi, mbao tatu moja juu ya nyingine, kimo cha kifua cha mtu mzima. Ayala huuruka bila hata kuufikiria, na ng'ombe haruki. Ulikuwa umetosha kila mahali, mpaka alipokuja Gaston.

Walimkuta kando ya hori la kwanza, nyundo mkononi, akimalizia kupigilia ubao mpya. Alipomwona mkewe akitembea kwenye matope na viatu vya kanisani, alicheka mpaka msumari ukamdondoka.

"Chérie! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeleta chakula."

"Chakula kinakuja na dereva, siku hizi?" Akampa Nyokabi mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na tope. "Karibu, dada. Njooni niwaonyeshe watu."

Watu wenyewe walikuwa chini bondeni, ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe, wameinamia majani. Gaston aliwataja mmoja mmoja kwa kidole. Yule aliyesimama peke yake kwa dharau ni Madame Préfet. Yule mwenye weupe unaoteremka mpaka kifuani kama shela ni Bibi Harusi. Yule mzee ni Shangazi, na usimpite bila kumsalimu.

"Mwenyewe anajua umewapa majina?" Nyokabi aliuliza.

"Ule anawaita kwa namba." Gaston alilisema kwa sauti ya kumhurumia yule mkulima.

"Kwetu Nyeri ng'ombe hata hazitoki nje. Zinakaa kwa boma zinaletewa nyasi kama wagonjwa wa wodi."

"Haki ya Mungu, na zinafanya dhambi gani?"

Annonciata aliwaacha wabishane, akatafuta gogo kavu, akakaa. Hakuja kusikiliza mambo ya Nyeri. Alikuja kuona jinsi uzio unavyovunjika. Alimtazama mumewe akibeba ndoo mbili za mahindi, akifungua mlango wa uzio, akiingia, na mara, kabla hata hajaweka ndoo chini, akigeuka kuufunga kwa komeo na kuutikisa ahakikishe. Basi, mlango haukuwa na kosa. Annonciata alishusha pumzi.

Gaston akapanda ngazi fupi, akainua kifuniko cha pipa, akaanza kumimina.

Hapo ndipo Annonciata alipoisikia sauti ile.

Haikuwa wimbo wala mluzi. Ulikuwa mguno laini utokao nyuma ya koo, unapanda kidogo, unashuka, na mara mojamoja ulimi unagonga kaakaa. Wafugaji wa kwao Gaston humgunia ng'ombe hivyo wakati wa kumkamua, ili atulie na aachie maziwa. Hawafundishwi. Mtoto huipata mgongoni kwa baba yake kabla hajaanza kutembea, na akiwa mtu mzima hutoka yenyewe mikono inaposhika kazi ya ng'ombe. Annonciata, mtoto wa mjini Goma, mara ya kwanza alikuwa ameisikia uani kwa mama yake, siku kijana mwembamba kutoka milimani alipoleta jibini na kujisahau akiipanga kwenye kapu. Aliichungulia sauti ile kupitia pazia la jikoni. Mengine yote yalifuata.

Hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kule bondeni Bibi Harusi aliinua kichwa. Kisha Shangazi. Kisha kundi zima likaacha majani na kuanza kupanda mteremko, polepole, masikio mbele.

"Umeona?" Gaston alimpigia kelele kutoka juu ya ngazi. "Nimefungua tu pipa, wamesikia harufu. Ngombe ana pua, we!"

Alipokuwa akisema, ng'ombe walisimama. Alipogeukia ndoo, mguno ukaanza tena, na ng'ombe wakaanza tena kutembea.

Annonciata aliinuka kwenye gogo. "Papa Héritier!" aliita. "Glavu zako ziko wapi?"

"Ziko mfukoni. Kwa nini?"

Ng'ombe wakasimama.

"Nauliza tu."

Akarudi kumimina, akarudi kuguna, nao wakarudi kutembea. Nyokabi, aliyekuwa akila wali kwa kifuniko cha bakuli, aliacha kutafuna.

"Ghai, Mungu wangu," alinong'ona. "Mama Héritier, ni yeye anawaita!"

"Shh."

"Kwani hajui?"

"Hajui. Wala usimwambie."

Walimtazama akishuka, akifunga mlango kwa uangalifu uleule, akiwapita ng'ombe waliokuwa wamefika. Aliwasukuma kwa kiwiko huku akiwakuna chini ya kidevu. "Tokeni, tokeni, wamama, hiki si chakula chenu," aliwaambia kwa upendo mtupu, kisha akaelekea hori la pili, akitokomea kati ya miti na mguno wake. Ng'ombe walibaki wamechanganyikiwa. Sauti ilikuwa imetoka ndani ya uzio, na ndani ya uzio mlikuwa na mahindi. Madame Préfet akaweka kifua juu ya ubao wa kati, akaegemea.

"Basi si tumwambie tu anyamaze?" Nyokabi alisema. "Imeisha. Kazi inabaki, kila mtu anafurahi."

"Humjui mume wangu."

Akamweleza. Walipopewa nyumba yao ya kwanza pale Newtown, ghorofani, Gaston alikuwa akiamka alfajiri, anachemsha maziwa, anaguna. Asubuhi moja jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Hakutukana, hakulalamika kwa mtu. Aligonga tu. Tangu siku hiyo Gaston alichemsha maziwa kimya. Walihamia nyumba nyingine isiyo na mtu chini, na bado akachemsha maziwa kimya. Annonciata alidhani ni uchovu, halafu akadhani ni uzee, halafu akazoea.

"Ule ukimwambia kiatu chake kinalia, atatembea peku mpaka kaburini," alisema. "Nikimwambia leo, nimeiua tena. Kwa mkono wangu."

"Na usipomwambia anafutwa leo."

Annonciata aligeukia uzio. Ubao wa kati ulikuwa umeanza kulia chini ya kifua cha Madame Préfet.

Ranvir alifika na gari lake kabla ubao haujakatika. Alikuwa kijana wa Handsworth, mwenye kilemba cha kijani na sauti ya upole, na upole ule ndio uliofanya maneno yake yawe mazito zaidi. Aliwafukuza ng'ombe kwa kupiga makofi, akaukagua mlango, akaona komeo limekaa mahali pake. Gaston alirudi mbio kutoka msituni, ndoo tupu mikononi.

"Umefungwa," Ranvir alisema kwa Kiingereza, polepole ili Gaston asipitwe. "Nilikukosea. Naomba radhi kwa hilo. Lakini ubao huu ungekatika kama nisingefika."

"Ni harufu," Gaston alisema. "Ngombe ana pua."

"Na siku zangu hawana pua?"

Gaston alilitazama pipa, kisha ng'ombe.

"Ng'ombe mmoja akifa," Ranvir akaendelea, "mwenyewe hatamuuliza ng'ombe. Ataniuliza mimi. Nakupenda, rafiki yangu. Ila sijui la kufanya nawe."

Gaston aliinama akaweka ndoo chini, moja ndani ya nyingine, kwa utaratibu, kama mtu anayekabidhi vifaa. Annonciata aliiona namna alivyoziweka, akajua hana tena nafasi ya kuchagua. Kunyamaza kungempoteza mtu na sauti yake pamoja. Kusema kungempoteza labda nusu.

"Papa Héritier," alisema kwa Kiswahili, akimsogelea. "Ni wewe unawaita."

"Mimi siite mutu."

"Unaguna. Kama kwenu. Kama asubuhi ya kukamua."

Gaston alimtazama, kisha akamtazama Nyokabi, naye akatikisa kichwa kukubali. Mkono wa Gaston ukapanda taratibu ukashika koo, kana kwamba amekuta kitu kigeni hapo.

"Tangu lini?"

"Sijui. Mi nimeisikia leo."

"Basi," alisema kwa aibu. "Nitanyamaza. Pole, nitanyamaza kabisa."

"Njo ile naogopa, kunyamaza kwako!" Sauti ya Annonciata ilipanda mpaka Ranvir akarudi nyuma hatua. "Usininyamazie! Miaka yote ile nimekaa na mutu asiye na sauti asubuhi, nikijiuliza nilimufanya nini. Ukinyamaza tena, Gaston, narudi Goma kwa miguu!"

Nyokabi alijifanya kufunga bakuli ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Annonciata akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Ranvir, na kwa Kiingereza chake cha kliniki na sokoni akamweleza lote. Kisha akasema yake. Ng'ombe hawa wanamfuata mume wangu. Basi mtoe yeye kwenye mahori. Wakati wa kujaza, asimame kule bondeni chini, awaite, nao watakaa kwake. Mahindi atamimina mtu mwingine.

"Nani?" Ranvir aliuliza. "Mimi Jumamosi niko na wawindaji."

"Mimi."

"Wewe," alisema Nyokabi, akivitazama vile viatu.

Lilibaki hori moja, lile la karibu na kidimbwi. Ranvir alisema wajaribu sasa hivi, mbele yake, na kama itashindikana basi ameshindwa na Gaston, kazi imekwisha. Gaston akateremka bondeni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Annonciata akachukua ndoo.

Walipofika kila mtu mahali pake, Gaston alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akakohoa, akajaribu tena. Ikatoka sauti kavu ya mtu anayesafisha koo hospitalini. Kitu kilichokuja chenyewe bila kuitwa, kilipoitwa mbele ya watu kiliona haya, na ng'ombe waliendelea na majani yao kama hawamjui.

Annonciata alijitahidi kumimina kimya, lakini hakuwa amewahi kushika pipa la aina ile. Kifuniko kilimponyoka kikagonga chuma, na mlio ukaenda msitu mzima kama kengele ya misa. Vichwa vyote vyekundu vikainuka. Safari hii hawakutembea polepole. Walikuja mbio fupifupi, matumbo yakiyumba, Bibi Harusi mbele.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Annonciata hakulifikiria aliposema "mimi." Aliogopa ng'ombe. Alikuwa akiwaogopa maisha yake yote, mke wa mfugaji, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akiwapenda kwa mbali, kupitia masimulizi. Sasa walimzunguka pande zote nne, pua zenye mvuke juu ya mbao, ulimi mmoja mrefu ukiramba kitenge chake.

"Gaston!" alipiga ukelele. "Gaston, ngombe zako zinanikula!"

Kutoka bondeni kilisikika kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejisahau kabisa, kikianzia tumboni, na kabla hakijaisha kiligeuka. Hakikugeuka mguno. Kiligeuka wito, ule wa kilima hadi kilima, ambao Annonciata alikuwa amewahi kuusimuliwa tu. Uliondoka chini, ukapanda juu ya miti, ukatanda pale juu, halafu ukateremka ukiwataja. Bibi Harusi. Shangazi. Madame Préfet.

Bibi Harusi aliutoa ulimi wake kwenye kitenge. Alibaki kidogo akiyaangalia mahindi, mtu angeapa kwamba anapiga hesabu. Kisha akageuka, na wote wakageuka nyuma yake, wakashuka mteremko kuelekea kwa mwanamume mfupi mwenye koti kubwa aliyesimama katikati ya majani, mikono wazi.

Nyokabi alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari, viganja vyote mdomoni. Ranvir alimsogelea Annonciata pale uzioni.

"Alhamisi saa tatu," alimwambia Annonciata. "Na utafute buti."

"Buti zipo. Ni za Héritier, nitaweka soksi mbili."

"Huogopi tena?"

"Naogopa sana," alisema. Akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Kule chini kundi lilikuwa limeshamfikia Gaston. Shangazi alikuwa ameweka kidevu begani kwake. Wito ulikuwa umekwisha, maana mfugaji haiti kilichokwisha kufika, lakini sauti haikukoma. Ilikuwa imeshuka ikawa ule mguno wa asubuhi, mdogo kiasi kwamba upepo uliuleta kwa vipande. Annonciata alipanda ngazi, akaacha kutumia ndoo, akaanza kuchota mahindi kwa viganja na kuyaweka ndani ya pipa kidogo kidogo, asije akaufunika ule mguno kwa kelele.